Alama Arobaini za Kukabidhi Zamu

Ukitaka kumkasirisha doña Ermelinda Albarracín, mwambie kwamba kiwandani wanakwenda walioshindwa shule. Atakutazama juu ya miwani yake kama mtu anayesoma kipimo cha mvuke, kisha atakuuliza sukari uliyotia kwenye chai yako asubuhi ilishuka kutoka mbinguni au vipi. Hapa Los Tarcos karibu kila mtu ameshaulizwa swali hilo, padri na daktari wa meno wakiwemo, na sijasikia bado aliyepata jibu.

Sisi tumezaliwa chini ya bomba la moshi la kiwanda cha sukari. Kuanzia Mei mpaka Oktoba masizi ya miwa yanadondoka juu ya nguo zilizoanikwa, na mama zetu walitufundisha kuyapuliza, si kuyapangusa, maana ukipangusa shati ndiyo limekwenda. Lakini usidhani kwa kuwa tunayapuliza masizi yake basi tunakijua kiwanda. Watoto wetu walikuwa hawajui kitu. Kila mwaka shule iliwapeleka kutembea: kofia ngumu zinazowafunika mpaka machoni, mstari wa njano wasiouvuka, na mhandisi mmoja anayepiga kelele bila kusikika. Walirudi wamechoka na njaa imewauma, basi.

Mwaka aliotimiza miaka hamsini, Ermelinda aliacha kiwanda alichokitumikia tangu usichana wake, akaenda kufundisha shule ya ufundi. Baada ya safari moja kama hiyo aliuliza darasa zima, "Haya, mmeona nini?"

"Mabomba, mwalimu," akajibu kijana mmoja wa nyuma.

"Mabomba ya nini?"

Yule kijana akafikiri. "Ya kwenda kwenye mabomba mengine."

Darasa likaangua kicheko, na Ermelinda akacheka nao, kwa sababu jibu lilikuwa la kweli. Lakini jioni ile alimpigia simu mpwa wake Nahuel, anayefundisha mambo ya kompyuta chuo kikuu, akamwambia hakuna mtu aliyewahi kuipenda kazi kwa kuichungulia. Watoto lazima wapewe kiwanda wakiendeshe wenyewe.

"Shangazi, nani atakupa kiwanda uwape watoto wa shule?"

"Sisubiri kupewa. Nitakitengeneza."

Akakitengeneza kweli. Cha kwanza kilikuwa cha maboksi. Maharage ndiyo yalikuwa miwa, majagi ya maji ya kiazi chekundu ndiyo yalikuwa maji ya miwa, na saa za jikoni zilizolia kila baada ya dakika tano aliziazima kwa majirani, hata siku ile mtaani kwake hakuna aliyekula yai lililoiva sawasawa. Shule nne zilishindana. Kila shule ilikuwa kampuni: ina meneja wake, mtu wa boila, mtu wa mashine za kukamua, mtu wa mitungi ya kuchemshia, mtu wa maabara. Katikati ya kazi waamuzi walichomoa kadi na kuisoma kwa sauti: mkanda umekatika; mvua imenyesha mashambani, malori hayaji; mkaguzi wa mazingira yuko getini na ana haraka. Timu moja ilipoiba maharage ya wenzao, Ermelinda aliifukuza yote, na mwalimu wao aliyeiongoza akamfukuza pia.

Mwaka wa tatu Nahuel akaandika programu, maboksi yakawa skrini. Kiwanda kikaona faida yake, kikatoa ukumbi na kompyuta, na zawadi ambayo hapa kwetu haina mfano: timu inayoshinda, wanafunzi wake wote wanane wanaingia kiwandani kujifunza kazi msimu mzima wa miwa. Mwaka huu, ambao ni wa tisa, shule zilikuwa kumi na moja. Leo ukiingia kile kiwanda, mwanamke anayesimamia umeme alianzia kwenye yale maharage. Boila ya pili iko mikononi mwa yule kijana wa mabomba. Ermelinda ametutolea mafundi kama mtu anavyotoa mikate kwenye tanuri, na nasema hivyo nikijua wapo wanaomwona mkali mno. Mkali ni kweli. Watoto wetu walihitaji mtu wa kuwachukulia kwa uzito kiasi cha kuwakaripia.

Sasa kuna sheria moja iliyowashangaza wote, tangu siku ya kwanza. Kila timu ya watu wanane inagawanywa zamu mbili. Wanne wanaendesha kiwanda kwa muda wa saa mbili, ambapo kila dakika tano za ukumbini ni saa nzima ya kiwandani, kisha wanatoka na wanne wengine wanaingia. Wakati wa kupokezana wanapewa dakika tano na daftari la zamu. Wanaotoka waandike na waseme yote wanayoyaacha. Wanaoingia watie sahihi. Basi, kati ya alama mia, sitini ni za sukari iliyotoka. Arobaini nzima ni za zile dakika tano.

"Arobaini kwa kupiga soga?" watu walimuuliza.

"Arobaini," anajibu, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Sababu aliijua mwenyewe, na alikuwa hajamwambia mtu. Miaka thelathini na moja iliyopita, alipokuwa mwanamke wa kwanza kupewa mitungi ya kuchemshia maji ya miwa, valvu moja ilianza kulegea katika zamu yake. Ilikuwa inavuja kidogo tu. Aliikaza kwa spana, akaifunga kwa waya, ikatulia. Alipaswa kuiandika. Lakini wanaume wa zamu ile walikuwa wanangoja tangu siku ya kwanza wapate cha kusema, na angeandika tu valvu imelegea, kesho yake habari ingekuwa kwamba mwanamke kavunja mtungi. Kwa hiyo akaandika maneno mawili ambayo kila mtu aliyaandika kila siku kwa mazoea: Hakuna jipya. Akaenda zake nyumbani. Saa moja baadaye valvu ikafumka, na maji ya miwa yanayotokota yakammwagikia Abdón Lazarte, aliyempokea zamu, mikono yote miwili mpaka kwenye shavu. Sukari ya moto haimwagiki ikapita, inanata. Uchunguzi ulisema valvu ilikuwa kuukuu. Hakuna aliyemuuliza Ermelinda neno, naye hakusema.

Abdón alipona akiwa na ngozi iliyokunjamana kama karatasi iliyolowa na kukauka. Walimweka getini mpaka akastaafu. Tangu mashindano yaanze, yeye na mkewe ndio wanaopika empanada, sambusa za kwetu, za siku ile, za nyama iliyokatwakatwa kwa kisu, na ndimu pembeni. Kila mwaka humchagulia Ermelinda zile zilizoungua kidogo ukingoni, kwa kuwa anajua ndizo anazozipenda, na kila mwaka Ermelinda huzila akiwa ameinamisha kichwa.

Basi mwaka huu kiwanda kilipata meneja mpya, mhandisi Etchart, kijana wa kutoka Buenos Aires, mwenye adabu na viatu visivyojua masizi. Simsemi vibaya, alikuwa anapenda mashindano. Wiki moja kabla ya fainali alimwita Ermelinda ofisini.

"Doña Ermelinda, hii kazi yako ni dhahabu. Ila hizi arobaini sizielewi. Vijana wanakuja kuona viwanda. Waache watengeneze sukari! Mwakani tuweke mia zote kwenye uzalishaji."

"Bila kukabidhi zamu hayo si mashindano, mhandisi. Ni mchezo wa kompyuta."

"Nitakuja Jumamosi nione mwenyewe. Ukinishawishi, zinabaki. La sivyo, kwenye mkataba wa mwakani nafuta."

Alitoka pale akipiga hesabu. Ukumbi ni wao, kompyuta ni zao, nafasi za kazini ni zao. Na alikuwa amefikisha miaka sitini, hana nguvu za kuanza tena na maharage. Zile alama arobaini zikifutwa, basi lile deni alilokuwa analilipa kimyakimya miaka yote halina tena njia ya kulipwa.

Jumamosi ya fainali ilikuwa ya mwezi Mei, baridi ya asubuhi, siku tisa kabla kiwanda hakijawashwa. Zilibaki shule mbili: La Higuerita, na shule ya ufundi ya hapa kwetu Los Tarcos. Kuhusu waamuzi usiwe na shaka, walikuwa wastaafu watatu wa kiwanda, na Ermelinda haruhusiwi hata kuwatilia kibuyu cha yerba, chai yetu ya majani, siku hiyo. Sheria aliitunga mwenyewe. Kazi yake ni kusoma kadi na kutangaza matokeo.

Kwenye mitungi ya timu ya Los Tarcos aliketi Candela Brandán, msichana wa miaka kumi na saba, binti wa mkata miwa. Baba yake alikuwa amemwambia: ukipata nafasi ile utakuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuingia kiwandani kwa mlango wa mbele. Candela aliyakalia maneno hayo kama kigae cha moto. Hakunywa maji wala hakugeuza shingo.

Kapteni wake, Ulises, alikuwa na mdomo mrefu kuliko daftari. "Kandi, pumua, mama. Kompyuta haing'ati."

"Nyamaza, boila yako inashuka."

"Boila yangu inapumzika. Wewe ndiye unayetokota."

Mpaka saa tatu Los Tarcos walikuwa mbele. Kadi ya mkanda ilipotoka, La Higuerita walipoteza dakika nane, wao tatu. Mhandisi Etchart alisimama nyuma yao mikono kifuani akitikisa kichwa kwa kuridhika, na Ermelinda alimwona, na moyo ukamtua kidogo.

Saa nne kamili kengele ikalia. Zamu ya kwanza ikasimama, ya pili ikaingia. La Higuerita walianza. Kapteni wao, msichana mrefu mwenye sauti ya kusoma habari, alifungua daftari akasoma kwa ufasaha: miwa kiasi hiki uwanjani, shira kiasi hiki, akafika kwenye boila. Hapo akasita kidogo, kitambo cha kumeza mate, kisha akasema, "Boila, hakuna jipya." Wenzake wakatia sahihi mmoja baada ya mwingine na kukaa. Yote yalichukua dakika mbili na nusu.

Ikawa zamu ya Los Tarcos. Ulises akasoma vizuri: kisu cha tatu cha kukatia miwa kimeanza kukwama, malori mawili yamecheleweshwa kwa mvua, miwa ya rundo la kushoto ndiyo ya zamani isagwe kwanza. Akafika kwenye mitungi.

"Mitungi," akasema, akamgeukia Candela. "Kandi. Mitungi safi, siyo?"

Candela alikuwa ameshika mgongo wa kiti. Anayempokea alikuwa Ezequiel, mtoto mnene mpole ambaye tayari ameishika kalamu. Skrini ilikuwa kimya, rangi yote kijani. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua alichokuwa anakijua yule msichana.

"Mtungi wa tatu," akasema polepole. "Kengele yake niliizima. Tangu saa tatu kasoro."

Ulises akacheka kwa woga. "Unasema nini wewe?"

"Ilikuwa inalia sana, inanichanganya. Nikaizima nikasema nitaitazama baadaye. Halafu mkanda ukakatika nikasahau. Sijui kilichomo mle ndani sasa hivi."

"Si ungenyamaza tu!" Ulises akamnong'oneza, na kipaza sauti kikaupeleka mnong'ono wake mpaka mlangoni. Ukumbi ukacheka, kisha ukaacha kucheka.

"Ezequiel," Candela akasema, machozi yamemlenga lakini sauti imesimama, "usiendelee kabla hujaufungua. Usitie sahihi kwanza. Andika."

Yule mtoto mnene akaandika. Zamu ya pili iliposimamisha mstari na kuutazama mtungi wa tatu, shira ilikuwa imeganda nusu ya mabomba. Kuosha ni saa nne za kiwandani, dakika ishirini za ukumbini. Dakika ishirini walizikaa wakitazama La Higuerita wakipakua sukari.

Mhandisi Etchart alimwinamia Ermelinda. "Masikini. Mtoto amewaangusha wenzake."

"Amewaokoa."

"Kutoka kwa nini, mama yangu? Ni kompyuta."

Ermelinda alikuwa anamtazama Candela, aliyekwenda kukaa peke yake kwenye ngazi za jukwaa, mikono katikati ya magoti. Nitasema alichokisikia wakati ule, kwa sababu baadaye alikisema mwenyewe: alimwonea wivu. Mwanamke wa miaka sitini alimwonea wivu mtoto wa miaka kumi na saba, wivu wa kweli, kwa kuwa mtoto alikuwa amelifanya kwa dakika moja lile ambalo yeye limemshinda kwa miaka thelathini na moja.

Saa sita waamuzi wakampa Ermelinda karatasi. Akasoma. Los Tarcos: uzalishaji arobaini na moja, kukabidhi thelathini na nane, jumla sabini na tisa. La Higuerita: uzalishaji hamsini na nane, kukabidhi ishirini na tatu, jumla themanini na moja. Waliposikia themanini na moja, La Higuerita walirukiana kama watu waliotolewa jela. Ulises alifunika uso kwa kofia. Candela hakuinuka pale kwenye ngazi; ule mlango wa mbele ulikuwa umemponyoka.

Mhandisi Etchart akapanda jukwaani kupongeza. Alizungumza vizuri, nakiri. Akawasifu wote wawili, akawakumbusha washindi wafike Jumatatu na viatu vya kazi. Kisha akainua karatasi ya mkataba wa mwakani.

"Leo nimejifunza kitu," akasema. "Timu moja ilisimamisha kiwanda kwa sababu ya hofu. Nyingine ikasema hakuna jipya, ikaendelea, na mmeona: hakuna kilichotokea. Kompyuta ni shahidi. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa doña Ermelinda, mwakani alama zote mia zitakuwa za uzalishaji."

Watu wakapiga makofi ya adabu. Ermelinda alikuwa tayari yuko kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyemwona akipanda.

"Hakuna kilichotokea," akasema. "Na mimi siku ile nilipofika nyumbani nilisema hivyo hivyo. Nilikoga, nikala, nikasema kumbe hakuna kilichotokea."

Aliwaeleza yote, bila kupamba: valvu, spana, waya, na kwamba aliwaogopa wanaume wa zamu yake kuliko alivyouogopa mvuke. Kisha akafika kwenye jina.

"Aliyenipokea zamu alikuwa Abdón Lazarte. Mnamjua wote, empanada zake mnazila kila mwaka. Mikono yake ile ni kazi yangu mimi. Mmeniita mwalimu miaka kumi, na mimi nimewadai ukweli watoto wenu miaka tisa, na wangu nikaukalia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi leo nimeumbuliwa na huyu msichana hapa kwenye ngazi. Abdón, sina namna ya kukulipa. Nisamehe ukiweza."

Watu hawakujua watazame wapi. Mkewe Abdón alikuwa ameshikilia koleo la kugeuzia empanada hewani, na mafuta yanadondoka.

Abdón alijifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja. Akaja mpaka mbele. Jukwaani hakupanda.

"Erme," akasema, "umesema sehemu yako. Sasa ngoja niseme yangu, maana na mimi inanikaa hapa." Akajigusa kifuani. "Mimi nilikuona siku ile. Nilikuona unafika na lile daftari, uso umebadilika, mkono mmoja una grisi mpaka kwenye kiwiko. Mtu aliyekaa zamu isiyo na jipya anapata wapi grisi mpaka kwenye kiwiko? Nikasema moyoni, huyu kuna kitu. Nilitaka kukuuliza."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Birika." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimetega birika la yerba juu ya bomba la mvuke, na nikasikia linaanza kuvuma. Maji ya yerba yakichemka si yameharibika? Nani atakunywa? Nikaona nisije nikayachemsha. Nikatia sahihi bila kusoma nikakimbilia birika. Miaka yote hii watu wananiambia pole, Abdón, bahati mbaya, Abdón. Mimi najua. Nilitia sahihi. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza kwa ajili ya maji."

Mtu mmoja alicheka, si kwa dharau, kicheko kilimtoka tu, na Abdón mwenyewe akacheka, machozi yakimteremka kwenye lile shavu lililokunjamana. Ermelinda alishuka jukwaani. Hakuna aliyesikia walichoambiana. Walishikana mikono kwa muda mrefu, na Ermelinda, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, aliitazama mikono ile bila kuinamisha kichwa.

Hapo ndipo yule msichana mrefu, kapteni wa La Higuerita, aliposimama katikati ya wenzake. "Mwalimu," akasema, na sauti ya kusoma habari imemwisha. "Maji ya boila yetu yalikuwa chini ya mstari kwa nusu nzima ya zamu. Nilijua."

"Kaa chini, wewe!" wenzake wakamvuta sketi.

"Nimeshasema," akajibu, akakaa.

Hakuna aliyewanyang'anya ushindi. Sheria ni sheria, na waamuzi walikuwa wameshahukumu kwa waliyoyaona. Watu wakaanza kusogea kwenye empanada, kwa kuwa huzuni na furaha zote mbili hapa kwetu huishia mezani. Ermelinda akarudi kwenye meza ya waamuzi kukusanya karatasi zake. Alijua ameshavunja heshima yake kwa mikono yake mwenyewe, na ajabu ni kwamba alijisikia kama mtu aliyetua gunia. Akachukua fomu ya alama. Pale palipoandikwa arobaini za kukabidhi akachora mstari katikati: ishirini za anayetoa, ishirini za anayepokea. Kando yake akaandika: aulize.

Mhandisi Etchart alikuwa bado amesimama na mkataba wake. Alikuja akaisoma ile fomu juu ya bega lake. Akaisoma mara ya pili, kidole kikisimama kwenye lile neno la kando. Kisha akauweka mkataba mezani, na mstari alioufuta akaurudisha kwa wino, herufi kwa herufi. Akageuza ukurasa wa mwisho, mahali pa sahihi, akatoa kalamu.

Kalamu ikagusa karatasi, ikasimama. Akainua macho.

"Doña Ermelinda. Kabla sijatia sahihi. Kuna kitu kingine ambacho hakijaandikwa hapa?"

Ermelinda alimtazama juu ya miwani yake. Akamsogezea kiti kwa mguu.

"Kipo," akasema. "Keti. Tuanze na yule msichana wa mtungi wa tatu."